Mkunja-jani, chura wa mabwawa ya Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu chura mmoja tu kati ya wengi wanaolia usiku masika yanapoingia Malindi. Jina lake la kisayansi ni Afrixalus fornasini. Wenyeji wengi humwita chura, basi. Hapa tutamwita mkunja-jani, kwa sababu kukunja jani la nyasi na kuficha mayai ndani yake ndiyo kazi inayomtenga na majirani zake wengi. Majibu yamekusudiwa watu wenye bwawa au kidimbwi karibu nao: mwenye shamba Jilore, mtunza bustani ya hoteli Watamu, mwalimu wa Gede, kijana anayeongoza wageni katika Msitu wa Arabuko-Sokoke.

Anafananaje?

Ni mdogo. Mkubwa kabisa hufika milimita 40 hivi, ukimpima kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mgongo bila kuhesabu miguu. Hata hivyo, katika jamii ya Afrixalus huyu ni miongoni mwa wakubwa.

Mgongo ni wa kahawia, wakati mwingine kahawia iliyokolea sana, na kila upande una mkanda mpana wa rangi ya fedha unaoanzia karibu na jicho na kurudi nyuma hadi kiunoni. Miundi ya miguu ya nyuma nayo ina mabaka ya rangi hiyohiyo. Sasa tazama anavyokaa mchana: amekunja miguu na kuibana kwenye mbavu, na mkanda wa mgongoni unakutana na baka la muundi ukawa mstari mmoja. Hapo jicho la mtazamaji halioni tena mgongo na mguu, linaona vipande vya rangi tu juu ya tete kavu. Hugh Cott, mtaalamu Mwingereza wa rangi za wanyama, alimtumia chura huyuhuyu mwaka 1940 kuwa mfano wa namna mnyama anavyoweza kuvunja umbo lake kwa michirizi.

Si wote walio na mikanda iliyo wazi. Wengine mgongo mzima ni wa rangi ya fedha au kijivujivu, na kahawia imebaki kidogo tu au haipo. Kwa hiyo rangi peke yake isikupe jibu. Angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni mboni ya jicho: imesimama wima. La pili ni ngozi ya mgongoni: ukiweka tochi ubavuni badala ya kummulika kwa juu, utaona vipele vidogo vyenye ncha nyeusi. Tumbo ni la rangi ya maziwa, na ncha za vidole zina vibapa vya kunatia. Dume ana kifuko cha sauti kooni ambacho hujikunyata akiwa kimya.

Nitamtofautishaje na vyura wengine wa kwenye matete?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa bwawa moja la pwani laweza kuwa na aina sita au saba za vyura wadogo wanaopanda majani. Anza na mboni. Kundi kubwa la vyura wa matete, jamii ya Hyperolius, lina mboni iliyolala. Mboni ikiwa imelala, huyo si mkunja-jani, hata akiwa na mstari ubavuni. Gizani mboni hupanuka ikakaribia duara, kwa hiyo mmulike kidogo hadi mboni ibane, ndipo usome umbo lake.

Miongoni mwa Hyperolius, anayeleta mkanganyiko zaidi ni Hyperolius argus. Dume lake ni la kijani lenye mistari myepesi pembeni, na jike ni la kahawia au wekundu hafifu lenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa weusi. Hyperolius tuberilinguis ana kijani kitupu au manjano na pua iliyochongoka. Hyperolius pusillus ni mdogo sana, kijani kinachoonyesha ndani, na utamkuta juu ya majani ya mayungiyungi yaliyolala juu ya maji, si kwenye nyasi ndefu.

Wenye mboni wima ni wachache. Kassina maculata anayo, lakini ni mkubwa zaidi, kijivu, ana madoa meusi ya duara dufu, na akinyoosha mguu unaona wekundu mkali kwenye paja na kinenani. Ndugu wa karibu zaidi ni Afrixalus delicatus, na huyu naye hukunja majani. Mpambanue kwa ukubwa na mchoro: ni karibu nusu ya mkunja-jani wetu, rangi yake ni ya dhahabu, na mistari yake ni myembamba ya kahawia, haina upana wa ule mkanda wa fedha. Anayepima kwa macho usiku hudhani delicatus ni mtoto wa fornasini. Weka rula.

Anapenda mazingira gani?

Anataka vitu vitatu kwa pamoja: maji matamu yaliyotulia, nyasi ndefu zilizosimama ndani ya maji au kuinamia maji, na vichaka au majani mapana jirani kwa ajili ya kujificha. Bwawa likiwa kubwa au dogo, la kudumu au la msimu, kwake si tatizo. Anaishi kwenye nyika, kwenye majani ya wazi, pembezoni mwa msitu na hata kwenye mashamba yaliyochanganyika na vichaka. Msitu mnene uliofunika maji kabisa haumfai sana.

Ukingo ndio kila kitu. Bwawa la nusu ekari lililofyekwa hadi majini halimsaidii, na shimo la udongo la mita tatu lenye nyasi upande mmoja linaweza kuwa na madume kadhaa yanayolia kila usiku wa mvua. Atafutaye hutazama maji, na hali chura anatazama jani lililo juu ya maji.

Mchana utampata amebanwa kwenye kikonyo, pale jani linapoungana na shina, kwenye migomba na mimea mingine yenye majani mapana, au amekaa wazi juu ya tete. Chumvi haiwezi. Ngozi ya chura hupitisha maji, na maji ya chumvi humkausha. Kwa hiyo usimtafute kwenye mikoko ya Mida wala kwenye matope ya mlango wa mto Sabaki. Mtafute nyuma, kwenye vidimbwi vya maji ya mvua na kingo za bonde ambako bahari haifiki.

Anapatikana sehemu zipi za Afrika?

Anafuata ukanda wa mashariki. Kaskazini anaanzia pwani ya Kenya, anashuka Tanzania, Malawi na Msumbiji, anaingia mashariki mwa Zimbabwe, na kusini anafika KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Hupatikana kuanzia usawa wa bahari hadi takriban mita 1,300. Alielezwa kisayansi mwaka 1849 na Mwitaliano Giovanni Giuseppe Bianconi kutokana na vielelezo vya Msumbiji, na jina fornasini linamkumbuka Carlo Fornasini aliyevikusanya.

Karibu na Malindi mahali panapojulikana zaidi ni Msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huu una kilomita za mraba 420 hivi, na mvua haiugawi sawa: upande wa mashariki, karibu na bahari, hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na upande wa kaskazini-magharibi ni 600 hivi. Mchanga wa sehemu yenye miti ya mirihi hunywa maji haraka, ila kuna mabonde madogo yenye udongo wa kukamata maji, na hayo ndiyo hugeuka mabwawa ya msimu. Nje ya msitu, angalia Ziwa Jilore na madimbwi ya bonde la Sabaki baada ya mto kufurika.

Niko Lamu. Nimtafute wapi?

Upande wa bara, si kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mabwawa ya Witu na kingo za Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni yana maji matamu na nyasi, yaani yana vitu anavyovihitaji. Eneo lake linaishia pwani ya Kenya kwa upande wa kaskazini, kwa hiyo picha nzuri kutoka Lamu bara, yenye tarehe na mahali, ina thamani kubwa kuliko picha ya kumi kutoka Gede. Kuwa mkali zaidi katika kumtambua: jicho, mgongo, rula, sauti. Vyote vinne.

Ni miezi gani na saa ngapi?

Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili humwamsha, na Mei ndio mwezi wenyewe. Vuli ya Oktoba hadi Desemba humleta tena, ingawa kwa idadi ndogo mvua ikiwa haba. Januari hadi Machi usitarajie kitu. Madume huanza kulia giza likishaingia, saa moja jioni hivi, na saa mbili hadi saa tano za usiku ndizo saa za kazi. Mwezi mpevu na upepo wa kusi ukivuma sana hupunguza kelele. Usiku wa mawingu, joto, na mvua iliyokatika saa chache kabla ndio bora.

Sauti yake ikoje?

Huanza na mkwaruzo mfupi wa chini, kisha unafuata mfululizo wa haraka wa mapigo makavu, kama mtu anayegonganisha vijiti viwili vya mti mkavu bila kupumzika. Akianza mmoja, wa pili hujibu, na bwawa zima huitikia kwa zamu. Hyperolius wengi wana sauti ya kengele, mluzi au mlio mmoja mkali unaorudiwa. Hiki kishindo cha mbao hawana.

Ukirekodi kwa simu, zima mtetemo, igeuze simu mgongo uwe upande wa upepo, ikingie kwa mwili wako, na urekodi angalau dakika moja bila kusema. Taja tarehe, saa na mahali mwishoni mwa rekodi, si mwanzoni, kwa kuwa sauti ya mtu huwanyamazisha na utapoteza zile sekunde za kwanza. Kosa la kawaida ni kusogea karibu mno: ukiwa nusu mita kutoka kwa dume anayelia kwa nguvu, maikrofoni ya simu hupasua sauti. Mita mbili au tatu zinatosha.

Jani lenye mayai nitalijuaje?

Tafuta jani moja la nyasi lililokunjika kwa urefu wake, kingo zake mbili zikiwa zimegandana, wakati majani ya jirani yako wazi. Mara nyingi liko ndani ya mita moja juu ya maji. Jike na dume hupanda pamoja. Jike hutaga juu ya jani, kisha jani hukunjwa juu ya mayai, na ute unaotoka pamoja na mayai ndio unaoligandisha. Jani moja hubeba mayai 40 hivi, meupe, kila moja ndani ya utandu wake. Jike huweza kugawa mayai yake kwenye jani zaidi ya moja.

Usilifungue. Gundi ile hairudi. Jani likishafunguliwa, mayai hukauka kwa jua la siku inayofuata, au siafu huyafikia. Ukitaka kuhakikisha, weka tochi upande wa pili wa jani: mwanga utapita na utaona duara za mayai zimejipanga. Mayai yakiwa yamekomaa utaona hata mikia ikitikisika.

Viluwiluwi wakiwa tayari, jani hulegea na wao hudondoka majini. Hapa kuna mambo matatu yanayoharibika mara kwa mara. La kwanza, maji hupungua. Bwawa la msimu linaweza kurudi nyuma nusu mita kwa wiki moja ya jua, na jani lililokuwa juu ya maji sasa liko juu ya tope. Viluwiluwi hudondoka na kufa papo hapo. La pili, ng'ombe na mbuzi hula zile nyasi laini za ukingoni, na ndizo hasa alizochagua chura. La tatu ni panga na fyekeo: mtu anakata majani ya mifugo asubuhi, anayafunga mzigo, na mayai yanaondoka nayo bila yeye kujua.

Si kila jani lililokunjika ni lake. Buibui na viwavi hukunja majani pia, lakini wao hutumia uzi mweupe, na ukitazama kingo utauona. Jani la chura halina uzi.

Anakula nini? Na lile povu jeupe kwenye matawi juu ya bwawa ni lake?

Povu si lake. Ni la Chiromantis xerampelina, chura wa kijivu wa kwenye miti, ambaye hutaga ndani ya povu alilolipiga kwa miguu kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji. Ila mkunja-jani ana uhusiano nalo. Mwaka 1996 Robert Drewes na Ronald Altig walieleza, kutokana na kazi yao Arabuko-Sokoke, kwamba mkunja-jani hula mayai ya vyura wengine, yakiwemo yaliyomo ndani ya povu hilo. Huingiza kichwa kwenye povu na kula. Vyura wazima wanaokula mayai ya wenzao wa aina nyingine ni wachache, na bwawa la Sokoke ni mojawapo ya mahali ambapo jambo hili limetazamwa vizuri. Kwa hiyo ukimkuta mkunja-jani amening'inia kwenye povu, usidhani amepotea njia. Mpige picha bila kumsogeza, maana tukio hilo ni adimu kupigwa picha.

Siku nyingine hula wadudu wadogo wanaotua kwenye matete.

Nikienda usiku, niende vipi?

Nenda mchana kwanza. Jua kina cha maji, kingo zinazoteleza, na njia ya kurudi. Pembezoni mwa Sabaki na Jilore kuna viboko na mamba, na usiku si wakati wa kujaribu bahati. Chagua madimbwi yaliyo mbali na mto. Ndani ya Arabuko-Sokoke kuna ndovu, na wao huyajua mabwawa hayo kuliko sisi. Usiku huingii bila ruhusa ya ofisi ya msitu Gede na askari au mwongoza wageni anayeujua msitu.

Vaa gambuti zinazofika karibu na goti, kwa sababu mbili: kifutu hulala kwenye nyasi za njia ya bwawa, na maji yaliyotuama pwani hii yanaweza kuwa na konokono wa kichocho. Usiingie majini na ndara, hata mara moja.

Tumia tochi ya kichwani yenye mwanga mweupe wa kati na tochi nyingine ndogo ya mkononi. Tembea taratibu kufuata ukingo, simama kila mita tano, zima tochi, sikiliza dakika mbili. Ukimsikia mmoja, usimkimbilie. Watu wawili ni bora: mmoja asimame kushoto, mwingine kulia, kila mmoja anyooshe mkono kuelekea sauti, pale mistari ya mikono yenu inapokutana ndipo alipo. Kwa kawaida yuko juu zaidi kuliko unavyodhani, amekaa kwenye jani na pua imeelekea juu.

Piga picha nne: ya mgongo kutoka juu, ya ubavuni inayoonyesha jicho, ya jani au mmea aliokaa, na ya bwawa zima. Weka rula kando yake bila kumgusa. Usimmulike zaidi ya dakika moja. Kumshika hakuna haja. Ikilazimu, lowesha mikono kwa maji ya bwawa hilohilo, na uhakikishe hujapaka dawa ya mbu wala losheni, kwa kuwa ngozi yake hunyonya kila kilicho kwenye vidole vyako.

Kwa nini mnasisitiza kuosha viatu?

Kwa sababu ya kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya vyura na ameua aina nyingi duniani. Yupo Kenya pia. Husafiri kwenye matope na maji, yaani kwenye gambuti zako na neti yako, kutoka bwawa hadi bwawa.

Utaratibu ni huu. Ukitoka bwawani, sugua matope yote kwa brashi na maji, hapohapo. Usiruke hatua hii: klorini ikikutana na matope huisha nguvu kabla ya kumfikia kuvu. Kisha paka maji ya klorini ya kusafishia nguo. Yakiwa na sodiamu haipokloraiti asilimia 4, sekunde 30 zinatosha. Yakipunguzwa hadi asilimia 1, acha dakika 1 kamili. Soma kibandiko cha chupa ujue asilimia yake, na fanya kazi hiyo mbali na maji, kwa kuwa klorini ikirudi bwawani inaua viluwiluwi. Suuza kwa maji safi. Halafu anika juani hadi vikauke kabisa, si juujuu tu. Kuvu huyu hafi kwenye unyevu, hufa kwenye ukavu. Usipokuwa na klorini, kukausha kikamilifu kwa siku nzima ya jua la Malindi ni njia nzuri. Kama unazuru mabwawa mawili usiku mmoja, chukua jozi mbili za gambuti.

Bwawa letu limejaa nyasi. Tunaweza kufyeka bila kumdhuru?

Mnaweza. Fyeka Januari hadi mwanzo wa Machi, kabla hajaanza kutaga. Gawa ukingo sehemu nne, na kila mwaka shughulikia sehemu moja au mbili tu. Zinazobaki ziwe na ukanda wa nyasi wa upana wa mita 1.5 hadi 2, nusu ukiwa ndani ya maji. Unapokata, acha visiki vya kimo cha goti, ili masika yakija vichipue majani mapya mapana na laini. Usichome moto. Moto huua vyura waliojificha kwenye shina, na majivu yakiingia majini huyaharibu.

Matete magumu yakiachwa miaka mingi hujaa na kusonga nyasi laini, na hapo chura hukosa jani linalokunjika. Kwa hiyo kutofyeka kabisa nako si kumsaidia. Ndago zenye shina la pembe tatu hazimfai kwa kutagia. Zinafaa kwa kukaa na kulia tu.

Mifugo ipewe lango moja la kunywea maji, upande mmoja, na kwingineko wekeni miiba au uzio mwepesi.

Ninaweza kumtengenezea kidimbwi nyumbani?

Ndiyo, na ukiwa karibu na bwawa ambalo tayari analia atakuja mwenyewe. Usimbebe.

Chimba shimo la mita 4 kwa 3, kina cha sentimita 60 katikati, na upande mmoja uteremke polepole kutoka sifuri. Ardhi ya Malindi kwa sehemu kubwa ni mchanga na mawe ya matumbawe, hivyo maji hayatakaa bila kizuizi. Unaweza kushindilia udongo wa mfinyanzi unene wa sentimita 20, ukiulowesha na kuukanyaga tabaka kwa tabaka, au kutandika karatasi nzito ya plastiki ya kuwekea bwawa. Hesabu ya karatasi: urefu wa shimo, jumlisha kina mara mbili, jumlisha mita moja ya ukingo. Kwa shimo hili ni mita 6.2 kwa 5.2. Chini yake tandika magunia ya zamani au mchanga laini wa sentimita 5, kwa sababu ncha moja ya tumbawe itatoboa karatasi mara tu uzito wa maji utakapoilalia. Juu ya karatasi rudisha udongo wa sentimita 10 hadi 15 wa kuoteshea.

Shimo lenye mteremko la kipimo hicho hubeba lita 3,500 hadi 4,000. Paa la mita za mraba 100 hutoa kiasi hicho kwa mvua ya milimita 50. Maji ya bomba yaache yatulie siku mbili kwanza klorini iondoke. Maji ya kisima yaonje: yakiwa na chumvi, usiyatumie. Kwa jua la pwani utapoteza takriban milimita 6 kwa siku, sawa na sentimita 18 kwa mwezi bila mvua, kwa hiyo ongeza maji kidogokidogo wakati wa kutaga ili majani yenye mayai yasibaki juu ya tope.

Otesha nyasi za maji zilizotolewa jirani, jani lake liwe na upana wa sentimita moja au zaidi na likunjike kwa vidole bila kuvunjika. Zipande ndani ya maji ya sentimita 10 hadi 20, upande ulio mbali na taa ya nyumba. Kisha jambo ambalo wengi hulivunja mwezi wa pili: usiweke samaki. Perege na kambare hula viluwiluwi wote, na hata vile visamaki vidogo vinavyosambazwa kwa ajili ya mbu huwala.

Kidimbwi hakitaleta mbu?

Mbu wa dengi huzaana kwenye matangi, matairi na makopo. Hayo ndiyo ya kumwaga kila wiki. Kidimbwi chenye kereng'ende na wadudu wa majini hujisafisha kwa kiasi kikubwa, lakini hatutamwahidi mtu kwamba chura huyu ataondoa malaria. Ukihitaji dawa, tumia ile ya bakteria iitwayo Bti, inayolenga viluwiluwi wa mbu. Usimwage oili chafu juu ya maji. Oili huziba uso wa maji, na kila kinachopumua pale hufa, pamoja na viluwiluwi wanaodondoka kutoka kwenye jani.

Huleta chunjua?

Chunjua huletwa na virusi vya binadamu, si mkojo wa chura. Nawa mikono baada ya kumshika, kama kwa mnyama yeyote, na usijiguse macho kabla ya kunawa.

Ninaweza kumkamata nimuuze au nimfuge?

Hapana. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayechukua mnyama wa porini, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ndilo la kuuliza. Walimu wanaotaka kuonyesha watoto viluwiluwi wawapeleke watoto bwawani.

Je, yuko hatarini kutoweka?

Kwa Afrika nzima, hapana. Amewekwa kwenye kundi la wasio na hofu kubwa, kwa kuwa eneo lake ni pana na anavumilia mashamba. Lakini hali ya bwawa lako haipimwi kwa Afrika nzima. Dimbwi likijazwa kifusi ili kiwanja kiuzwe, vyura wa pale hawana pa kuhamia ikiwa dimbwi linalofuata liko kilomita kadhaa ng'ambo ya barabara na nyumba. Pwani yetu inajengwa haraka, na madimbwi ya msimu ndiyo ya kwanza kufukiwa kwa sababu Februari yanaonekana kuwa ardhi kavu tu. Ukitaka kuonyesha kuwa mahali ni bwawa, lipige picha Mei, uandike tarehe, na uiweke pamoja na picha ya Februari ya mahali palepale.

Nikishampiga picha, niandike nini?

Tarehe, saa, jina la mahali na namba za GPS kutoka kwenye simu; urefu kwa milimita; mmea aliokaa na kimo kutoka majini; kina cha maji ukingoni; kama analia au la; na idadi ya wanaolia ndani ya dakika tano. Andika pia usiku ambao hukusikia hata mmoja. Picha unaweza kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wengine wataikagua aina yake. Ukiweka, chagua picha ya jicho iwe ya kwanza.